Herufi Juu ya Mafuta

Kifuniko cha bati kilikwaruza mdomo wa debe mara moja tu, taratibu, kama mtu anayejikuna kanisani asitake padri amwone. Adèle akafumbua macho gizani. Hakuwa panya. Panya hana subira. Angegonga, angekimbia, angerudi. Huyu aliyekuwa jikoni aliiacha kila sauti ife kabisa kabla hajathubutu kutoa nyingine.

Akaupeleka mkono upande wa pili wa kitanda. Shuka lilikuwa bado na joto la Hilaire, lakini Hilaire mwenyewe hakuwepo. Katikati yao Lucie, binti yao wa miaka minne, alilala mdomo wazi, mguu mmoja umelalia mto wa baba yake. Mlango wa nyuma ukafungwa kwa adabu isiyo ya kawaida, na nyayo za mumewe zikapotelea kwenye barabara ya mtaa wao wa Kabondo kabla majogoo hawajaanza kujibizana.

Kulipopambazuka Adèle alipiga magoti mbele ya debe. Mawese yale hayakuwa ya sokoni. Mama yake, ambaye Lucie alimwita Koko kama watoto wengi wa Kisangani wanavyowaita bibi zao, aliyachemsha mwenyewe kule Basoko kwa kuni mbichi, kisha akayapakia kwenye meli pamoja na salamu. Ndiyo maana yalinukia moshi kwa mbali, na ndiyo maana Adèle aliyatumia kwa heshima, kijiko baada ya kijiko. Kwa baridi ya alfajiri yalikuwa yameganda, na upande mmoja palikuwa na shimo refu lililochotwa hasa, kama mfinyanzi anavyochota udongo ukingoni mwa mto.

Alikifunika kile alichokiona, akachukua ndoo, akaenda bombani.

Philomène alikuwa ameshafika. Huyu alikuwa mke wa Basile, mlinzi wa usiku wa Papa Kasongo, mwajiri wa Hilaire, naye alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye mdomo usiolala hata mwenyewe akisinzia.

"Mama Lucie! Leo macho yako yanafanana na samaki wa juzi."

"Nimelala vibaya, yaya." Adèle alimwita hivyo, dada mkubwa, kwa heshima; akaiweka ndoo chini, akatazama huku na huku. "Niambie kitu. Mwanaume anaweza kuchukua mafuta ya jikoni kwa kazi gani?"

Philomène aliiacha ndoo yake ijae mpaka maji yakamwagika miguuni. "Mafuta gani? Mawese?"

"Mawese."

"Eh! Sabuni wanachukua. Kitenge wanachukua, mimi niliona kitenge changu kikienda misa kiunoni mwa mtu mwingine. Lakini mawese iko ya kupika tu. Sasa anayepika iko nani?"

"Sijui."

"Bon, utajua. Mwanaume hakaangi ndizi barabarani." Akajitwika ndoo, akaenda zake akicheka, na kicheko chake kikabaki pale bombani kikidondoka.

Tangu siku ile Adèle aliishi na mumewe kama anayeishi na mgeni aliyekuja bila kujulisha. Alimhesabia vicheko. Alilinusa shati lake kabla ya kuliloweka, akakuta mistari myekundu kwenye kiwiko cha mkono. Alimuuliza, "Kazini kukoje?" naye Hilaire akajibu, "Kuzuri," akiitazama sahani kana kwamba jibu limeandikwa humo. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na sababu ya kuwa nayo: yeye ndiye aliyekuwa dereva wa gari lililozungumzwa kuliko yote katika mitaa ya Waafrika.

Papa Kasongo, mfanyabiashara wa mchele kutoka Maniema, alilinunua kwa Mbelgiji mmoja aliyerudi kwao mwaka ule wa maonyesho makubwa ya Brussels. Lilikuwa gari la Kimarekani, refu kama mtumbwi wa mashindano, chini rangi ya maziwa na juu rangi ya anga. Halikuwa na klachi. Gia zilibadilika zenyewe ndani kwa ndani, na watoto wa Kabondo walikuwa wakikimbia ubavuni mwake si kwa kuushangaa urefu wake, bali kuuona mguu wa kushoto wa Hilaire umepumzika bila kazi kama mguu wa bwana mkubwa. Kazi ile ndiyo iliyowapa nyumba ya matofali nyuma ya uwanja wa Kasongo, yenye dirisha la kioo. Kazi ile ndiyo iliyompa Adèle jioni za kwenda kwa masista kujifunza kusoma, kuandika na kushona kwa cherehani. Alikuwa na ndoto ndogo aliyoitunza kama kifaranga mkononi: siku moja naye asimame mbele ya wanawake wenzake, chaki mkononi.

Lakini gari lilikuwa limeanza kulia. Kabondo nzima ilijua. Asubuhi, Hilaire alipolitoa uani, giaboksi ilitoa mlio wa chini, mrefu, wa kuguna na kusaga, kama mzee anayeamshwa kwa lazima, na gari likabaki limesimama huku injini ikinguruma, kabla ya kukumbuka kwamba kazi yake ni kwenda. Ikifika saa sita, kimya. Jioni lilipita kama paka.

"Kwa nini linalia nikiwa ndani mimi?" Papa Kasongo alimuuliza Hilaire siku moja mbele ya watu. Alikuwa mnene, mpole, mwenye sauti nyembamba iliyotisha kwa sababu haikupanda kamwe. "Nikikutuma peke yako mchana, wanasema halina neno. Motokari inanichukia, ama kuna mtu anayenichukia?"

Hilaire alisema ni hali ya hewa. Papa Kasongo alimtazama kwa muda mrefu, kisha akautazama ukuta, kisha akamtazama Basile aliyekuwa akifagia. Tangu hapo alianza kutazama kila mtu.

Jioni moja mvua ilinyesha kutwa, na baridi ikaingia mpaka kwenye sakafu. Adèle alilitoa debe rafuni, akaliweka chini kando ya mtungi wa maji, mahali penye ubaridi kuliko pote. Kabla ya kulala alifungua kifuniko. Mawese yalikuwa yameshashikana, laini kama siagi. Akachukua njiti ya kiberiti, na juu ya uso ule mwekundu akaandika herufi ya kwanza ya jina lake, yenye mkia wa mapambo, kama sista alivyomfundisha. Hata yeye mwenyewe alishangaa jinsi ilivyopendeza. Akaifunika.

Alfajiri bati likakwaruza. Adèle hakujisogeza. Mlango ulipofungwa alisubiri mwanga, akaenda kutazama. Herufi yake ilikuwa imebaki na mguu mmoja.

Alimvalisha Lucie gauni la misa. Alijivalisha naye kitenge kipya, kwa maana mwanamke haendi kukutana na mwenzake akiwa amevaa cha kupigia deki. Akachukua kwanga, mkate wa muhogo uliofungwa kwenye jani, kisingizio cha kumpelekea mume chakula, wakashuka barabara inayokwenda mtoni, kwenye bohari la mchele la Papa Kasongo. Njiani alipanga maneno. Alikuwa na ya taratibu na alikuwa na makali, na kadiri walivyolikaribia bohari ndivyo ya taratibu yalivyozidi kupungua.

Harufu ndiyo iliyomsimamisha. Ndizi za kukaanga! Lakini si za yeyote: ndani ya harufu ile kulikuwa na moshi wa kuni mbichi za Basoko, moshi wa utoto wake, mikono ya mama yake. Ilitoka nyuma ya bohari. Adèle aliushika mkono wa Lucie kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Basi ni hapa. Mwanamke anakaanga kwa mafuta ya mama yangu, saa mbili asubuhi, wala hata aibu ya kufunga mlango hana. Akazunguka kona, kifua mbele.

Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na gari refu, boneti wazi, injini inanguruma polepole, na Hilaire ameinama juu yake, mkono mmoja umeshika faneli, mwingine kopo la maziwa lililojaa mawese yaliyoyeyuka.

"Yuko wapi?" Adèle aliuliza.

Hilaire aliruka nusura ajigonge kichwa. "Nani?"

"Anayekaanga."

Alitazama kushoto, akatazama kulia. "Hapa hakuna mtu anayekaanga, Mama Lucie."

Chini ya gari tone zito likaangukia bomba la moshi lenye moto, likalia *tss*, na harufu ya jikoni ikapanda upya. Lucie alichuchumaa, mikono magotini, akasubiri tone la pili.

Maneno yote aliyoyapanga Adèle yalimtoka mwilini kama maji kwenye kapu. Hilaire aliviweka chini vile alivyovishika, akajifuta mikono, akaanza kusema bila kuinua uso. Bwate ya gia, ile giaboksi, ilikuwa ikivuja. Alipochomoa kijiti cha kupimia alikuta mafuta yamekaribia kwisha. Kwa Mgriki wa vipuri walisema mafuta ya namna ile hawana, mpaka meli itoke Léopoldville.

"Ungemwambia Papa Kasongo."

"Angeniuliza mafuta gani, kiasi gani, yanatiwa vipi. Ningemjibu nini?" Akashusha sauti. "Nilimwambia kule Barumbu nilikuwa dereva wa daktari, motokari kama hii. Daktari gani? Nilikuwa naendesha lori la kubeba ngazi, mikungu ya michikichi. Mafuta ya bwate hii iko mekundu, Mama Lucie. Mekundu, membamba. Nilichovya kidole. Nikajiambia, nyekundu ni nyekundu. Na linakubali! Saa sita halilii hata kidogo."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi linalia. Hapo ndipo sielewi."

Adèle alimtazama huyu mwanaume aliyekula mawese tangu siku aliyoachishwa ziwa, lakini aliyezoea kuyaona katika sahani tu, yakiwa ya moto. "Papa Lucie. Unapoyachota alfajiri yanakuwaje?"

"Yameganda. Nayaweka juu ya injini yanayeyuka. Yakishayeyuka yameyeyuka."

"Na usiku, motokari ikilala?"

"Ndani ya chuma? Ndani ya chuma kuna baridi gani?"

"Debe nalo ni chuma," alisema Adèle.

Akaanza kucheka. Alicheka kwa afueni, kwa hasira, kwa kuona mwanamke aliyemchukia usiku kucha ni wa chuma, mwenye magurudumu manne. Hilaire naye alicheka, kwa woga. Kicheko kilipokwisha walibaki wakitazamana, na Adèle akaiona nyumba yao, dirisha la kioo, ubao wa masista, vyote vimekaa juu ya tone lile lililokuwa likijiandaa kudondoka.

"Meli itakuja," alisema Hilaire. "Nitayatoa haya yote, nitaosha, nitatia ya kweli. Nani atajua? Nyamaza tu, mke wangu. Mpaka meli."

Alikuwa amekuja kumkamata mumewe. Akaondoka akiwa mshirika wake.

Meli ilichelewa. Gari halikungoja. Asubuhi moja, mbele ya posta, wakati Papa Kasongo amevaa suti ya kwenda kuonana na wakubwa wa Serikali, liliguna, likalia, likagoma. Wazungu wawili waliokuwa kwenye ngazi waligeuka. Vijana waliokuwa wakiuza magazeti walilisukuma huku wakiimba. Jioni yake Papa Kasongo alisema neno moja tu: mchanga. Mtu ametia mchanga kwenye bwate. Na nani hulala na motokari hiyo uani, peke yake, kila usiku? Na nani aliomba kazi ya udereva akanyimwa?

Philomène aliingia kwa Adèle bila kubisha hodi, kilemba kimelegea. Hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Wanasema ni Basile. Kesho asubuhi Papa Kasongo anampeleka polisi. Basile! Mtu anayeogopa hata kufunga mlango wa motokari hiyo kwa nguvu!" Alikaa juu ya kigoda. "Hilaire anajua motokari. Amwambie patron si mchanga. Neno moja tu, Mama Lucie. Polisi hawaulizi mtu akiwa amekaa, unajua."

Jambo la kwanza alilolisikia Adèle moyoni mwake lilikuwa afueni. Ilipita haraka kama nyoka kizingitini, lakini aliiona: si sisi, ni wao. Akainamia moto apate sababu ya kuuficha uso.

"Nitamwambia," alisema.

Philomène alinyanyuka. Mlangoni akasimama, macho yake yakaangukia debe kando ya mtungi. "Na yale mambo ya mafuta? Ulimkamata?"

"Alikuwa panya."

"Panya," alirudia Philomène. Alilitazama debe, akamtazama Adèle, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuongeza kitu.

Hilaire alipokula jioni ile, Adèle hakukaa. "Basile," alisema.

"Hana kosa. Wataona hana kosa, watamwachia."

"Nani umewahi kumwona anaachiwa kwa sababu hana kosa?"

"Nikisema, nyumba hii imekwenda. Masomo yako yamekwenda. Unataka turudi Basoko tukapasue ngazi?" Sauti yake ilikatika. "Mimi si mtu mbaya, Adèle."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu Lucie azaliwe. Adèle alilichukua jina hilo akaenda nalo kitandani. Alikumbuka siku zile alizokuwa akimshuku: jinsi alivyokuwa akinusa mashati, akiotea milango, na jinsi shaka lilivyomfaa, kwa maana alipomshuku yeye alijiona mtu wa haki bila kufanya lolote. Sasa Papa Kasongo alikuwa amelala na shaka lile lile upande wa pili wa uwanja, nalo lilimfaa vilevile. Kabla ya kuzima taa Adèle aliinuka, akafungua debe, akaandika tena herufi yake. Hakujua kwa nini. Labda alitaka kujua ameolewa na nani.

Alfajiri alisikia kitanda kikiinuka. Alisikia nyayo zikifika jikoni. Alisubiri mkwaruzo. Kimya kilidumu, kikadumu, kisha mlango wa nyuma ukafungwa.

Kulipokucha alilichukua debe bila kulifungua, akamshika Lucie mkono, akavuka uwanja.

Wote walikuwa pale. Papa Kasongo amevaa koti, funguo mkononi. Basile amesimama karibu na ukuta, mikono mbele kama mtu aliyekwisha fungwa, na Philomène nyuma yake, amemshika shati. Hilaire alikuwa ubavuni mwa gari, kofia yake ya udereva kichwani, na gari lilikuwa likilia. Mlio ulijaza uwanja mzima, ukipanda na kushuka, na kila mtu aliusikiliza kana kwamba unatoa ushahidi.

Hilaire alimwona mkewe. Akaliona debe. Alitikisa kichwa kidogo sana, tikiso la kumwonea huruma yeye, au la kumwomba. Adèle hakuweza kulisoma.

"Zima," alisema Papa Kasongo, na Hilaire akaingiza mkono dirishani, akazima. "Mama Lucie. Umeniletea mboga asubuhi yote hii?"

Adèle alikuwa ametunga maneno mazuri ya heshima, yenye mwanzo na mwisho, kama insha za jioni. Aliyaacha yote. Aliliweka debe juu ya boneti ya rangi ya maziwa, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuthubutu kuweka kitu, akafungua kifuniko. Herufi yake ilikuwa nzima, na mkia wake wa mapambo. Mkono wa mtu haukuigusa.

Kwa kitambo alitaka kukirudisha kifuniko. Kitu kilikuwa kimefanyika jikoni mwake gizani, kitu cha heshima, na yeye hakukiamini. Lakini Basile alikuwa bado ameiweka mikono yake mbele.

Alilichukua debe, akaligeuza juu chini mbele ya macho ya Papa Kasongo. Hakikudondoka kitu.

"Tazama, papa," alisema. "Asubuhi hayamwagiki."

Papa Kasongo alikunja uso. Alilitazama debe, akautazama uso mtulivu wa mafuta yaliyoganda na ile A iliyoning'inia kichwa chini, akamtazama Adèle kama mtu anayetafuta mtego umetegwa wapi. Philomène naye alikuwa akilitazama debe, na taratibu mkono wake ukaliachia shati la Basile.

"Sijaelewa," alisema Papa Kasongo kwa ile sauti yake nyembamba. "Hilaire. Mke wako anasema nini?"

Hilaire alivua kofia. Aliishika kwa mikono yote miwili mbele ya kifua. Akafungua kinywa kujibu. Na Lucie, aliyekuwa amechuchumaa chini ya gari akisubiri tone lake, akatoa kichwa nje, akamjibu mzee kwa sauti safi:

"Motokari inakula mafuta ya Koko."